Kumi Bora wa Mwaka 1908

Jumamosi, 12 Oktoba

Sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika. Suhaila nimemkataza kusema, na mimi mwenyewe nimejikataza, na nyumba yetu hii ya Campbelltown, hapa Sydney, yenye watu watatu sasa ina wawili waliofunga midomo na mmoja anayetazama besiboli.

Alhamisi daktari aliniita peke yangu, bila Vuai. Alinikalisha kwenye kichumba chenye boksi la tishu katikati ya meza, na nilipoliona boksi lile nilijua kabla hajafungua kinywa. Akasema mume wangu ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na kupasua hakutasaidia kitu. Suhaila, binti yetu, alikuwa ananitafsiria yale yaliyonipita. Alipofika kwenye muda uliobaki akanyamaza, daktari akanyoosha vidole vitatu. Miezi.

Nikauliza, mwenyewe ameambiwa? Daktari akasema mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa, ila Vuai ndiye aliyemwomba azungumze na mimi. Sikushangaa. Vuai ndivyo alivyo, hata barua ya bima ya gari haifungui, ananisukumia mimi. Nikamsihi daktari asimwambie. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema hatamlazimisha mtu kusikia asichotaka kusikia.

Kwetu Tanga mgonjwa haambiwi. Baba yangu aliambiwa ana baridi yabisi, akafa na baridi yabisi yake, akicheka na wajukuu mpaka wiki ya mwisho. Garini Suhaila aliniambia, kwa Kiingereza chake kile anachokitoa kila akitaka kunishinda, kwamba mwili ni wa baba na ana haki ya kujua. Nikamwambia mwili ni wake, lakini mimi ndiye niliyeolewa nao. Aseme neno, tutakosana vibaya.

Tulimkuta Vuai sebuleni, televisheni imezimwa, viatu bado viko miguuni. Akasimama tulipoingia.

"Wamesemaje?"

"Vidonda vya tumbo," nikasema. Sauti ilitoka nzima, hata mimi nilijistaajabia. "Vibaya kidogo, lakini ni vidonda. Utakunywa dawa, na pilipili uisahau."

Akanitazama, akamtazama Suhaila, ambaye alikuwa ameshageuka kuelekea chumbani kwake. Halafu akakaa, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi.

"Haya," akasema. "Vidonda."

Jumapili, 13 Oktoba

Nimempikia uji wa mchele. Kala vijiko kama vitano, akasema mtamu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimejitia besiboli. Mungu anisamehe.

Vuai mchezo huu aliuokota shuleni Unguja, kwa mwalimu wa hesabu Mjapani aliyekuja na magongo matatu na mpira mmoja. Wenziwe wote wakarudi kwenye soka, yeye akabaki nao. Tangu tuhamie Sydney, kila majira ya joto yakikaribia huchukua msimu mmoja wa kale wa huko Marekani, akawapanga wachezaji kumi bora, kisha akawapelekea wenziwe wa mtandaoni, wazee wasio na kazi kutoka kila pembe ya dunia. Alianza na mwaka 1901. Sasa ni zamu ya 1908.

Wala hapangi kimya kimya. Anapanga kama walivyokuwa wakiwapanga wacheza mpira kwenye baraza la kwao Makunduchi: mchezaji hapati nafasi yake mpaka awe na wakili wa kumtetea na mshitaki wa kumponda, na atakayeshindwa hupika kahawa. Kila Jumamosi nafasi moja, kuanzia ya kumi kupanda juu. Miaka yote hii hakuwa na mshitaki, akibishana na ukuta wa jikoni. Mimi nilikuwa nikimwambia awaache maiti wa watu wapumzike.

"Leo mimi mshitaki," nikamwambia.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani sina mdomo?"

Akacheka mpaka akashika tumbo, na nilipomwona ameshika tumbo nikageukia sinki. Shabaha yangu ni moja tu. Mtu akishughulika na marehemu wa mwaka 1908 hapati nafasi ya kuniuliza mambo ya vipimo.

Akamleta Merkle, kijana wa miaka kumi na tisa. Timu yake ilikuwa imeshashinda, mwenzake amefunga, watu wamemwagika uwanjani. Merkle alitakiwa aguse kwanza kituo cha pili. Hakukigusa, akakimbilia nje ya uwanja. Ushindi ukafutwa, na mwisho wa msimu ubingwa ukawaponyoka.

"Na huyo ndiye bora? Vuai, una homa?"

"Hakukosa yule. Wakati ule wote walifanya vile. Mchezo ukisha, unakimbia kabla watu hawajakukanyaga. Alifuata desturi."

"Desturi yenyewe imewanyima ubingwa. Simtaki, mtoe."

Alitaka kujibu, akanitazama, akaacha. Tukamweka Young, aliyekuwa na miaka arobaini na moja na bado anarusha mpira kuliko vijana. Kahawa kapika Vuai. Nilisikia vikombe vinagongana sahanini mpaka vikafika mezani.

Jumanne, 22 Oktoba

Jakaranda imemwaga maua ya zambarau juu ya gari zima. Vuai katoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mama yake Vuai hupiga simu kila Jumamosi, kwao asubuhi, kwetu alasiri. Ana miaka themanini na ushei, haoni vizuri, lakini masikio yake Mwenyezi Mungu kayahifadhi. "Sauti yako imekonda," akamwambia Vuai leo. Vuai akasema ni vidonda vya tumbo, Umi ananinyima pilipili. Wakacheka wote wawili, wakanisengenya mbele yangu.

Alipokata simu akaniambia, "Unaonaje tukienda Makunduchi mwezi ujao? Nikamwone mama."

"Na vidonda hivi? Saa ishirini kwenye ndege? Upone kwanza. Tutakwenda Idi."

"Idi ni mbali."

"Mbali wapi! Nafasi ya tisa nani?"

Akaiweka simu mezani. Kisha akamtaja mtu wake, na sikumpinga, nikapika kahawa mwenyewe. Nimefurahi kwamba nimeliruka lile. Angefika kule, wangemwona alivyokonda, wangeanza vilio, na siri yote ingekuwa imekwisha.

Jumanne, 5 Novemba

Wametuletea muuguzi wa kuja nyumbani, Mkenya, anaitwa Chepkoech. Mrefu, mpole, Kiswahili chake cha bara kimenyooka kama njia ya reli. Nilimvuta pembeni mlangoni nikamweleza: hapa ndani ugonjwa ni vidonda vya tumbo. Akasema, "Mama, mimi siwezi danganya mgonjwa." Nikamwambia sijakuomba udanganye, nimekuomba unyamaze. Akavua viatu vyake, akavipanga vizuri, akaingia.

Simpendi. Alikaa na Vuai kitambo na mlango umerudishwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Joto. Hakuna mchezaji leo, Vuai katapika mchana kutwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo tumefidia Jumamosi iliyopita kwa nafasi mbili, tukafika kwa Joss, na nimetoka jasho.

Vuai alikaa kitandani, mito mitatu mgongoni, akamtetea vizuri kama zamani. Mwezi wa kumi wa mwaka ule, Joss alirusha mpira mchezo mzima, wapigaji ishirini na saba wakaja mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Hata mmoja! Na upande wa pili alikuwa Walsh, naye siku hiyo karusha kama jini, na bado kashindwa moja kwa bila.

Mimi nikapinga kwa kazi yangu ya kupinga. "Mbona jina lake silisikii ukilitaja misimu ya mbele?"

"Alikufa," akasema. "Miaka mitatu baadaye. Homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na thelathini na moja."

Sikujua niangalie wapi. Nikasema basi tumshushe, hakudumu.

"Umi, tunapanga msimu. Yaliyokuja baada ya msimu hayahesabiwi." Alikuwa ananitazama usoni. "Hivi unafikiri alijua? Kwamba anakufa. Au mkewe ndiye aliyejua?"

"Mimi nitajuaje ya wake wa Wamarekani? Chai yako imepoa, lete nikaipashe."

Nikakimbilia jikoni. Nilisimama pale mpaka birika likapiga mluzi, nikalizima, nikaliwasha tena. Niliporudi alikuwa ameshageukia dirishani. Joss tumempa nafasi ya sita bila kupiga kura.

Naandika hili kwa kujisifu kidogo, maana lilikuwa swali la hatari na nimelikwepa.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua ya mawe. Gari limebonyea kama sufuria ya shughuli.

Jumamosi, 30 Novemba

Mzee mmoja wa Kimombasa kazikwa Kemps Creek jana. Vuai alishikilia kwenda, Suhaila akampeleka, mgonjwa akabaki garini muda wote kwa udhaifu. Leo badala ya besiboli kaniletea makaburi.

"Pazuri pale. Mchanga wake mwekundu. Ila hakuna mti wa maana."

"Ukitaka miti nenda bustanini."

"Nasema tu, Umi. Mtu angependa kuwa upande wa uzio, mbali na barabara."

"Mtu gani? Hebu niondolee mikosi Jumamosi ya watu! Mtu ana vidonda vya tumbo anajichagulia kiwanja!"

Nilipaza sauti mpaka Suhaila akatoka chumbani. Vuai akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi, akasema, "Haya, haya, yameisha." Nafasi ya nne akampa bila ubishi mrushaji Brown, yule aliyepoteza kidole kwenye mashine ya shambani utotoni na mpira wake ukawa unapinda zaidi kwa sababu hiyo. Nilitaka kumpinga kwa nguvu ili turudi kwenye utani wetu, lakini alikuwa ameshalala.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimegombana na Suhaila. Kasema mimi simlindi baba yake, najilinda mimi. Kasema hili kwa Kiswahili, ili liniingie. Nikamwambia atoke mbele ya macho yangu, akatoka, akaenda kukaa na baba yake. Nikawasikia wanacheka.

Labda ana lake moyoni, lakini mtoto hajui. Yeye amekulia nchi ambayo daktari anamwambia mtu utakufa Machi na mtu anaenda kununua kahawa. Sisi tunambeba mgonjwa. Mzigo anaubeba mwenye afya.

Jumamosi, 14 Desemba

Kitanda cha hospitali kimefungwa sebuleni, kile cha kupanda na kushuka. Vuai anakifurahia kama gari jipya. Nafasi ya tatu tumempa Mathewson. Nilimtetea, maana leo tulibadilishana kazi: kashinda michezo thelathini na saba, uso mzuri, tabia nzuri. Vuai akasema, "Nyinyi wanawake mnapenda sura." Tukacheka kweli kweli, na kwa muda ule mdogo nilisahau kila kitu.

Alhamisi, 19 Desemba

Nyenje wanalia tangu alfajiri. Chepkoech kaongeza dawa ya maumivu. Kaniuliza kama mimi nalala. Nimemwambia nalala. Kanishika bega, na sikuutoa mkono wake.

Jumamosi, 28 Desemba

Mama kapiga, Vuai hakuweza kushika simu, nikamwekea sikioni. Alisema "Naam, mama" mara nyingi, na mwisho akasema, "Niombee." Mama akasema anamwombea tumbo lake.

Moshi wa misitu inayoungua magharibi umeingia mpaka ndani ya kabati. Besiboli hakuna.

Jumamosi, 4 Januari

Tumebakiwa na wawili, Walsh na Wagner. Mimi wakili wa Walsh. Nilijiandaa, nimesoma kwenye simu ya Suhaila: kashinda michezo arobaini mwaka ule, karusha mpaka mkono ukachakaa, timu nzima imemlalia yeye. Nikasema mtu anayebeba wenzake wote bila kulalamika ndiye wa kwanza, hakuna mjadala.

Vuai alisema maneno machache, kwa kupumzika kila baada ya moja. Wagner kabla ya msimu alitangaza anaacha. Kachoka, haendi tena. Kisha akarudi, akacheza msimu bora wa maisha yake.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo alijua mchezo una mwisho. Mtu akijua una mwisho, Umi, anaucheza."

Nikamwambia sawa, umenishinda, Wagner wa kwanza, nakwenda kupika kahawa. Akanishika kanga. Hana nguvu, ningeweza kuendelea kutembea bila hata kujua nimeshikwa. Nikajua, na nikaendelea kutembea.

Jumapili, 5 Januari

Sijui nitaandikaje haya.

Chepkoech alikuja mchana ingawa si siku yake. Akanikuta uani naanua nguo. Akasema, "Mama Suhaila, weka hiyo beseni chini. Kuja tukae hapa kidogo." Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mzee anajua," akasema.

"Anajua nini?"

"Kila kitu. Anajua kutoka mwanzo, hata kabla yako. Daktari alimwambia Jumatano, wewe ukaambiwa Alhamisi. Yeye ndiye aliomba daktari akuambie, sababu alishindwa kukuambia mwenyewe. Leo asubuhi amenipigia, ameniambia, nenda umwambie Umi, mimi nimejaribu nimeshindwa."

Nikamwambia mwongo wewe. Nikamwambia hivyo mara ngapi sijui, na yeye kila mara anasema, "Pole, mama." Halafu nikakumbuka viatu. Mtu gani anakaa sebuleni kwake na viatu, televisheni imezimwa, akingojea kuambiwa ana vidonda? Nilisikia mambo yote yananirudia moja baada ya jingine, Joss na mkewe, uzio wa makaburi, safari ya Makunduchi. Yarabi! Alikuwa anabisha hodi miezi mitatu na mimi niko nyuma ya mlango namwambia hakuna mtu.

Nikaingia ndani. Alikuwa macho. Nikapanda kitandani kile cha hospitali, na ukubwa wangu huu, nikalala ubavuni kwake, kitanda kikalia. Nilikuja na hasira. Wallahi nilitaka kumpiga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikutumia daktari," akasema. "Nikakaa kukungoja. Nikasema akiingia atalia, na mimi nitalia, tutakuwa tumeshasema. Ukaniambia vidonda."

"Ungenikatiza! Ungesema, Umi, acha upuuzi!"

"Uso wako ulikuwa umekaza. Nikafikiri labda ndivyo anavyoweza kubeba. Nikasema nimwache. Halafu kila wiki nikijaribu, unakwenda jikoni."

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, Suhaila akaja akasimama mlangoni, akaja akakaa miguuni petu. Vuai alinipapasa kichwa kwa mkono usio na uzito.

"Nilitaka kumwona mama," akasema. "Oktoba ningeweza. Miguu ilikuwa na nguvu bado."

"Si ungekwenda! Si ungeniambia nakwenda, basi!"

"Ningekwambia nakwenda kufanya nini? Mtu mwenye vidonda?"

Nikauficha uso begani kwake. Mimi ndiye niliyesema Idi. Nilimnyima mama yake kwa mdomo wangu huu, na jioni ile nikajisifu kwa kuliruka.

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na nimsamehe yeye kwa kunyamaza, na kwamba sisi wawili ni wapumbavu wa sampuli moja ndiyo maana tukaoana. Nikamuuliza, unaogopa? Akasema, "Naogopa sana." Nikasema na mimi naogopa sana. Hatukuwahi kuambiana hivyo tangu tuoane. Akataka nimweleze nitakavyoishi, nikamweleza, nikabuni pale pale, Suhaila akanisaidia. Akataka azikwe upande wa uzio. Nikasema utawekwa upande wa uzio. Alipochoka akafumba macho, na mkono wangu nikauacha pale ulipokuwa.

Alasiri moja. Msimu mzima tulikuwa nao, tumepata alasiri moja.

Jumatatu, 6 Januari

Hakuamka kusema. Nilimsemesha tu.

Jumanne, 7 Januari

Vuai amefariki baada ya alfajiri. Suhaila alikuwa anamsomea Yasin, anakosea, anarudia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumatano, 8 Januari

Wamemzika Kemps Creek, upande wa uzio. Mimi niko ndani, nimeanza eda. Wanawake wa Kizanzibari na wa Kimombasa wamejaa jikoni, hata Chepkoech amekuja na msalaba wake shingoni na sinia la chapati, akasafisha choo bila kuambiwa.

Jana, mwili haujatoka nyumbani, shemeji yangu Abdulhakim alipiga kutoka Makunduchi. Alilia, halafu akafuta pua akasema la kwake: mama asiambiwe. Moyo wake hautahimili. Wamekubaliana wote kule. "Akikupigia Jumamosi mwambie amelala, shemeji. Tutamweleza pole pole."

Nikaitikia. Nilikuwa siko duniani, ningeitikia lolote.

Jumamosi, 11 Januari

Simu imelia alasiri, saa yake ile ile. Wageni walikuwa wameondoka. Suhaila akaitazama simu mezani, akanitazama mimi, hakusema kitu kwa lugha yoyote. Nikaipokea.

"Umi, mwanangu."

"Labeka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe Vuai."

Nilifungua kinywa na neno lililokuwa tayari kutoka ni "amelala". Lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi, tamu. Lingempa usingizi usiku huu, na mimi pia.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa."

"Vuai amefariki, mama. Jumanne. Tumemzika Jumatano." Nikaendelea, maana ningesimama nisingeanza tena. "Haikuwa vidonda. Ilikuwa saratani, na mimi nilijua tangu Oktoba nikaficha. Alitaka kuja kukuona alipokuwa bado anaweza. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nilisikia kuku wa kwao, na mtu anafagia uwanja. Nilingoja anilaani, na nilikuwa nimeshakubali.

"Hilo la Oktoba," akasema mwisho, sauti ndogo kabisa, "tutalisema siku nyingine, mimi na wewe." Akavuta pumzi. "Tangu Jumanne nyumba imejaa watu, Umi. Nasikia masufuria makubwa yanaburutwa. Nasikia wanasoma. Kila anayeingia ananishika mkono hauachii. Nawauliza, mwanangu vipi? Wananambia kalala. Siku ya tano leo nimekaa kwenye mkeka wa matanga ya mwanangu, hapana aliyeniruhusu kumlia."

"Mlilie, mama."

"Usikate simu," akasema.

Sikukata.